Nyasi za Kupokelea Ndege

Mtu wa kwanza kunifundisha neno "usalama" alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mama yangu bila kukaribishwa. Alikuwa karani wa serikali, Mhaya kutoka Bukoba, mtu wa kanisa, mwenye kaptula iliyopigwa pasi kiasi kwamba aliogopa kukunja magoti. Kando yake alisimama Bwana Shauri, kijana wa Kizungu aliyewekwa na serikali kutuamulia mambo kabla hajaota ndevu za kutosha. Bwana Shauri alisema kwa lugha yake, karani akatafsiri kwa Kiswahili, na baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kijiji chetu, akageuza kwa Kinyambo, lugha yetu ya Karagwe, huku akiongeza chumvi na pilipili. Yote yalipomfikia mama yalikuwa yamebaki maneno machache: uwanja wa ndege unajengwa, na migomba yako itakatwa kwa ajili ya usalama.

"Usalama wa nani?" mama akauliza.

"Wa ndege," karani akasema.

"Na wangu?"

Hilo karani hakulitafsiri. Alijipangusa vumbi gotini, ingawa hapakuwa na vumbi.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita kuu ya pili, na mimi nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuposwa. Nimweleze kibanja ni nini yule aliyezaliwa mahali ambapo ndizi hutoka sokoni. Kibanja ni migomba, kahawa na maharage kuizunguka nyumba, na ndani yake wamelala watu wako waliokufa. Baba alikuwa amelala humo, chini ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Alituacha mama na mimi tu, na kwa desturi yetu ya wakati ule mjane asiye na mtoto wa kiume hakuwa na kibanja, alikaa tu. Alikaa maadamu migomba ilizaa na yeye aliipalilia. Migomba ikiisha, ukoo uliichukua ardhi yake, na yeye alifunga virago akarudi kwa kaka zake, ikiwa bado walimkumbuka. Mwenye kauli katika ukoo wetu alikuwa baba mdogo huyohuyo. Kwa miaka yote tangu baba afe alikuwa akipita kando ya kibanja chetu akikitazama kwa jicho la mtu anayetazama sufuria ya jirani ikichemka. Sasa serikali ilikuwa inakuja kumwepulia.

Uwanja wenyewe ulikuwa juu ya kilima, upande wa kwenda Ihembe, kwenye rweya, ile nyika ya majani mafupi ambayo haikuwa ya mtu na ng'ombe wa kila mtu walilishwa hapo. Ulianzia kwenye mwamba mkubwa na kuishia kwenye kibanja chetu. Nyuma ya kibanja hapakuwa na kitu. Nasema hapakuwa na kitu kwa maana kwamba ardhi yenyewe ilikoma: palikuwa na korongo ambalo mbuzi akitumbukia, tulimfuata kwa kisu, si kwa kamba. Bwana Shauri alieleza kwamba ndege hutua kwa kuukabili upepo, leo kutoka huku, kesho kutoka kule, kwa hiyo ncha zote mbili za uwanja lazima ziwe wazi. Lakini mwamba haukatiki kwa panga. Basi usalama wote ukaelekezwa kwa migomba.

Sisemi kwamba uwanja haukutakiwa. Mgonjwa wa Karagwe aliyetaka daktari wa Bukoba alibebwa kwa machela, na wabebaji walichukua jembe pia, kwa sababu walijua dunia. Tuliambiwa ndege itamfikisha mgonjwa kabla uji wake haujapoa. Tuliambiwa itashusha dawa, daktari na barua, na kahawa yetu itapanda juu ikauzwe huko wanakojua bei yake. Watu walitoka Chonyonyo kuja kulima uwanja ule bila kulipwa. Wengine walitoka mpaka Isingiro, wakiwa wamebeba ndizi za kuchoma za njiani, kwa sababu mchungaji na padri, ambao hawakupatana hata juu ya siku ya kufunga, walipatana kwamba ndege ni kitu cha kheri. Mama naye alilima. Nilimwona akichimbua mizizi kwenye uwanja uliokuwa ukija kummeza.

"Tunalima kaburi letu," nikamwambia.

"Nyamaza, lima," akasema. "Mgonjwa ni mgonjwa."

Siku ya kukata migomba ilipofika, baba mdogo alikuja na wanaume wa kijiji na mapanga yao. Walimkuta mama ameketi katikati ya kibanja juu ya kigoda chake, kiko cha tumbaku mdomoni. Hakulia wala hakutukana. Kwetu kumkatia mtu migomba iliyobeba ni kumtangazia kwamba amekwisha, na mkono uliofanya hivyo kwa mjane hautapokewa tena na mtu kwa moyo mweupe. Wale wanaume walilijua hilo, na ghafla kila mmoja akapatwa na ugonjwa. Mmoja panga lake lilikuwa butu. Mwingine mgongo. Wa tatu alikumbuka kwamba ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa, na tulijua wote kwamba ng'ombe wake alikuwa dume. Baba mdogo alifoka, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" lakini panga la kwake mwenyewe hakulichomoa. Karani akaandaa njia ya heshima: migomba itakatwa baadaye, na wafungwa wataletwa kutoka kwingine kuikata, watu wasiojua kibanja ni cha nani. Kwanza ndege ije, kwa sababu mkubwa mmoja wa serikali kutoka Dar es Salaam alikwisha kupanga kuja kuufungua uwanja, na mkubwa akipanga hapanguki.

Sasa nifike kwenye kosa letu. Natamani ningeweza kumtwisha mtu mmoja kosa lile, lakini tulilifanya sote, na kwa upendo.

Bwana Shauri aliita mkutano akasema uwanja usafishwe, kwa sababu anakuja mgeni wa heshima. Akaondoka. Baba mdogo alibaki na maneno hayo akiyatafuna. Alikuwa na tamaa ya kupandishwa cheo, na aliona kwamba usafi kila kijiji kingeweza. Yeye alitaka heshima. Na heshima ya mgeni kwetu ni kitu kinachojulikana tangu mtoto ananyonya: mgeni hakanyagi sakafu tupu. Mgeni akitangulia kujulikana, wanawake huamka mapema, wakashuka bondeni kukata nyasi laini, wakazitandika ndani ya nyumba mbichi, zikinukia, zote zimelazwa upande mmoja. Mtu akikukaribisha kwenye sakafu ya udongo mtupu amekuambia neno, na neno lenyewe si zuri. Basi baba mdogo akaamuru uwanja wote utandikwe nyasi.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeuliza. Karani, ambaye alikuwa amesoma mpaka macho yakahitaji miwani, alikuja kukagua akasema, "Hapo mmefanya jambo," maana naye mama yake alimlea kwenye sakafu ya nyasi. Wanawake tulikata bonde zima. Asubuhi ya siku yenyewe palinyesha manyunyu kabla ya jua kutoka, nasi tukafurahi kwa sababu nyasi zitakaa mbichi. Tulizitandika kuanzia chini ya mwamba mpaka kwenye mawe yaliyopakwa chokaa mwisho wa uwanja, tukazilaza zote kuelekea kwetu, ukawa mkeka ambao Mungu mwenyewe angeuvulia viatu. Bwana Shauri alifika akasimama kwenye mwamba, akatazama ule ukijani uking'aa, akadhani nyasi zimeota. Alimwambia baba mdogo mbele ya watu wote kwamba huu ndio uwanja mzuri kuliko viwanja vyote vya jimbo zima. Baba mdogo alirefuka. Yule kijana wa Kizungu alikuwa kweli amependa, na mimi niliyekuwa na miguu imepasuka kwa umande nilijikuta nafurahi kusifiwa, kitu ambacho kinaniudhi mpaka leo.

Ndege ilikuja upande wa mwamba. Ilikuwa ndogo kuliko kelele zake. Iligusa uwanja vizuri, watu wakapiga vigelegele, ngoma ikaanza. Kisha magurudumu yakaingia kwenye ukarimu wetu.

Watoto wa kwetu huteleza mlimani wameketi juu ya ganda la mgomba. Ukishaanza, huamui tena utasimama wapi. Ndivyo ilivyokuwa. Rubani alifunga breki, tuliyaona magurudumu yameganda hayazunguki, lakini ndege iliendelea kuja, kimya kimya, kidogo imegeuka ubavu, ikisukuma nyasi zetu mbele yake. Ikapita jukwaa walipokaa wakubwa. Ikapita ngoma. Ikapita yale mawe ya chokaa ambayo tuliambiwa ni mwisho wa uwanja, na ikaingia kwenye kibanja cha mama yangu.

Mgomba si mti. Aliyewahi kuukata anajua kwamba ndani ni maji na magamba laini. Ule wa kwanza ulilala, wa pili ukalala juu yake, na kila mmoja ulipoanguka ulipunguza kidogo hasira za kile chombo, mpaka kikasimama karibu na kaburi la baba, pua yake imefunikwa na majani, bawa moja limebeba mkungu wa ndizi mbichi. Mbele yake palibaki safu ya mwisho ya migomba. Nyuma ya safu ile hapakuwa na kitu.

Mama alifika kabla ya wote, kwa sababu alikuwa kwake. Rubani alishuka kwanza, mtu mfupi mwenye masharubu mekundu. Alipenya katikati ya migomba, akachungulia korongo, akarudi, akaketi chini kwenye udongo mweusi bila kujali nguo zake. Mkubwa wa serikali alishuka akiwa na suti nyeupe iliyoloa utomvu wa mgomba kuanzia kola hadi magoti. Utomvu ule hautoki kwa sabuni wala kwa maombi. Mama aliwatazama wote wawili, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla ya neno lolote.

"Karibuni," akawaambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Poleni na safari."

Mkubwa hakupokea. Rubani alipokea, akatia mdomoni, akatafuna. Ndipo mama akageuka, akaiona migomba ya baba imelala, akashika kichwa. Nami nililia. Sikulilia ndege.

Baraza la uchunguzi lilikaa chini ya turubai. Niliwaletea maji, kwa hiyo nilisikia. Lilikuwa baraza gumu, kwa sababu kila aliyeketi pale alikuwa na sababu ya kutotaja nyasi. Bwana Shauri alikuwa amezisifu mbele ya watu. Karani alikuwa amezikagua. Baba mdogo alikuwa amezitandika. Mkubwa hakutaka isemekane kwamba alinusurika kufa kwa kukaribishwa. Ilibidi apatikane mkosaji asiye na mdomo, na wakamtafuta mpaka wakampata. Ndege iligonga nini? Migomba. Basi migomba ilikuwa kizuizi, na kwa ajili ya usalama iondolewe yote mara moja.

Mama, ambaye hakualikwa, aliuliza kutoka nje ya turubai, "Na kama isingekuwepo?"

Karani alitafsiri safari hii. Sifa hiyo nampa. Bwana Shauri alitazama upande wa korongo, masikio yakamwiva, akasema kwamba swali hilo haliko mbele ya baraza.

Wafungwa walikuja, wakakata. Hawakufurahia, na mmoja wao alimwambia mama "Utusamehe, mama," kabla hajainua panga. Kilichobaki ni nyumba, kaburi la baba, na mwanga mwingi usio na haya. Kabla majani hayajanyauka, baba mdogo alikuja kumpa mama pole. Alikuja na kamba ya kupimia.

"Shemeji, pole sana," akasema huku akitembea mpaka hadi mpaka. "Mambo ya serikali hayana mwenyewe. Sasa umefikiri utaenda kwa kaka yako yupi?"

"Nitamfikiria atakayeniita," mama akajibu.

Alimpa muda mpaka msimu wa kuvuna kahawa. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Nilimchukia kwa chuki ambayo sikuiungama kwa mchungaji, na sijaiungama bado.

Ndege ilitengenezwa, na kiangazi kilipokomaa tukatangaziwa kwamba inarudi. Safari hii uwanja ulifagiwa ukawa mtupu, na katazo likatolewa kwamba mtu asionekane hata na jani. Mkubwa hakuwemo, alituma salamu. Tulikusanyika. Mama alikaa mlangoni pake, vitu vyetu vikiwa nusu vimefungwa. Ndege ikaonekana, ikazunguka juu ya kilima, ikashuka chini kabisa mpaka tukayaona masharubu mekundu, ikapita juu ya uwanja wote mpaka mwisho, juu ya visiki, juu ya korongo. Ikapanda. Ikazunguka tena, ikashuka tena, ikatazama tena. Halafu ikatingisha mabawa mara moja, ikaenda zake Bukoba. Ngoma ilinyamaza yenyewe. Baba mdogo aliendelea kupunga mkono muda mrefu.

Siku chache baadaye rubani alikuja kwa gari pamoja na Bwana Shauri na karani. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye visiki, akasema maneno ambayo karani aliyatafsiri polepole, kama mtu anayemeza mfupa.

"Anauliza migomba iko wapi."

Bwana Shauri alimweleza habari za usalama. Rubani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaonyesha korongo kwa kidole akasema kwamba yeye ana mke na watoto. Hatatua hapa mpaka kile kitu laini kirudi mahali pake. Hata viwanja vya kwao, akasema, huwekewa mchanga mwishoni kwa kazi hiyohiyo, na mchanga hauzai ndizi.

Basi Bwana Shauri akamgeukia mama. Alikuwa amechoka, jua lilimwunguza shingo.

"Mama, panda migomba. Haraka."

Mama alikuwa na jembe mkononi. Aliliweka chini taratibu.

"Kwenye shamba la nani, Bwana?"

"Hapa. Shamba lako."

"Si langu," mama akasema. Akamwonyesha baba mdogo kwa kidevu. "Migomba yangu ilikatwa, mjane bila migomba hana kibanja. Shamba ni la ukoo, na mwenye ukoo ni huyu hapa. Amekwisha kupima. Mimi sipandi katika shamba la mtu."

Bwana Shauri alimtazama baba mdogo. Baba mdogo alianza kueleza desturi, akaanzia kwa babu wa babu. Desturi ni ndefu, na jua lilikuwa kali, na rubani alikuwa amekwisha kurudi kukaa ndani ya gari.

"Unaweza kupanda wewe?" Bwana Shauri akamkatiza. "Na ndege ikija ikaanguka, nikuulize wewe?"

Baba mdogo alitazama korongo. Cheo chote alichokuwa akikiota kilipita mbele ya macho yake kikatumbukia humo.

"Hapana, Bwana."

"Basi ni la mama huyu. Na akifa ni la binti yake. Na mtu yeyote akigusa mgomba mmoja hapa atanijibu mimi."

Mama hakuridhika. Aliomba lisemwe tena kwa Kinyambo, na lisemwe na shemeji yake mwenyewe, na wazee wa ukoo waitwe walisikie. Wakaitwa. Baba mdogo akalisema. Safari hiyo hakuongeza chumvi wala pilipili. Wazee walikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, juu yake, na likishanywewa limekwisha.

Mama alipanda. Lakini mgomba hausikii amri, na mama alihakikisha hausikii. Kwanza alitafuta machipukizi ya aina aliyoipenda baba, mpaka Chonyonyo. Halafu akangoja mvua. Halafu akasema mwezi si mzuri. Bwana Shauri alikuwa akisimamisha gari kila apitapo, akiulizia afya ya migomba kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu, naye mama alitoka kumjibu, "Inakua, Bwana," kisha akarudi ndani kumalizia uji wake. Kabla haijabeba, Bwana Shauri alihamishwa, aliyekuja baada yake alikuwa na shauri jingine la barabara, na ng'ombe wakarudi kwenye uwanja. Hakuna ndege iliyotua tena. Daktari hatukumwona, wala dawa, wala bei ya kahawa. Majirani wawili walibebwa kwa machela kwenda Bukoba mwaka uleule, na mmoja alirudi. Hili silicheki.

Mama alikaa kwenye kibanja chake mpaka akazeeka. Alipofariki tulimzika karibu na baba, ndani ya ile migomba mipya, na baba mdogo, ambaye bado alikuwa hai na bado alikuwa na kamba, alisimama kaburini akatazama chini. Ukoo haukukidai kibanja. Niliingia nyumbani, nikashuka bondeni kukata nyasi, nikawatandikia waombolezaji sakafu mbichi, wakakaa. Walikaa kwangu.